Tumevikwa Kilemba cha Ukoka: Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Kazi na Kamishna wa Kazi

Mheshimiwa Waziri,
Ndugu Kamishna wa Kazi,

Mwaka jana, mwezi Machi, niliitwa ofisi ya rasilimali watu ya hospitali binafsi ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam. Nikapewa barua mbili. Ya kwanza ilinipandisha cheo kuwa Meneja wa Zamu, Maabara. Ya pili ilinitaka nijitoe katika chama cha wafanyakazi, kwa maelezo kwamba meneja haruhusiwi kuwa mwanachama.

Mimi ni mteknolojia wa maabara. Nina stashahada, nina leseni, nina miaka 11 kazini. Cheo kile nilikuwa nimekitamani kwa muda mrefu, sitaficha. Lakini kesho yake nilivaa koti lilelile, nikakaa kwenye kiti kilekile, nikaanza kuangalia slaidi za malaria kama siku zote. Sikupewa ofisi wala bajeti. Siajiri mtu, simwachishi mtu, siitwi kwenye kikao chochote kinachopanga jambo. Vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vikiisha naandika kwenye daftari kisha namsubiri mtu wa manunuzi. Na hao ninaowasimamia ni akina nani? Usiku maabara yetu ina watu wawili ikibahatika. Mara nyingi ina mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

Kilichobadilika ni mshahara. Niliongezewa Sh 50,000 ya posho ya madaraka, na mwezi huohuo malipo ya saa za ziada yakakatwa pamoja na nyongeza ya kazi ya usiku. Nilipouliza nikajibiwa kwamba mameneja hawalipwi saa za ziada. Nilipopiga hesabu mwisho wa mwezi, nilikuwa nimepanda cheo na kushuka kipato.

Wahenga walikuwa na jina la heshima ya namna hii: kilemba cha ukoka. Ukivishwa unapendeza, jua likiwaka kinanyauka kichwani. Ninawaandikia kwa sababu kilemba hiki hakikuvishwa kichwa changu tu, na kwa sababu ninyi wawili ndio mnaoweza kusema hadharani kwamba ni ukoka.

Naomba niwaeleze kilichotangulia barua zile mbili. Katika maabara na mionzi tulikuwa wafanyakazi 19: wateknolojia, mafundi sanifu, wasaidizi. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia tulianza kujaza fomu za TUF 6 ili makato ya ada yaende kwenye chama, na Februari tulikuwa 11. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema chama kilichosajiliwa kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika, kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji wao pekee katika majadiliano, na mwajiri akishapewa taarifa anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30. Tukapeleka taarifa. Kabla siku 30 hazijaisha, watu watatu kati ya wale 11 tukawa mameneja.

Fuatilieni hesabu hiyo, maana ndiyo kiini cha barua yangu. Ukiwaondoa mameneja watatu kwenye 19 wanabaki 16. Ukiwaondoa kwenye 11 wanabaki 8. Nane katika 16 ni nusu kamili, na nusu kamili si zaidi ya nusu. Chama kikajibiwa kwa barua fupi kwamba hakina wingi unaotakiwa. Hakuna aliyefukuzwa wala kutukanwa, na hakuna kifungu ambacho mkaguzi akipita juu juu ataona kimevunjwa.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Kifungu cha 9 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Ni kweli kwamba kinamzuia mtu wa menejimenti ya juu asiwe mwanachama wa chama kinachowawakilisha wafanyakazi wa chini yake, na sababu yake inaeleweka: mtu hawezi kukaa pande mbili za meza moja. Lakini kifungu hichohicho kinaeleza huyo mtu wa menejimenti ya juu ni nani. Ni yule ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na pia ana mamlaka ya kusaini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, kwa niaba ya mwajiri. Sifa hizo mbili zinakwenda pamoja. Sheria haikusema "mwenye neno meneja kwenye kitambulisho chake". Mimi sijawahi kutunga sera hata ya kufungua dirisha, na saini yangu haiwezi kuifunga hospitali kwa jambo lolote isipokuwa jibu la kipimo.

Hata hilo la saa za ziada halisimami. Wanaoondolewa kwenye kinga ya saa za kazi ni wale wanaowasimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na wakati huohuo wanaripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Mimi naripoti kwa mkuu wa maabara, naye anaripoti kwa mkurugenzi wa tiba.

Nimekutana na wengine wenye vilemba kama changu. Yupo fundi sanifu wa minara ya simu anayeitwa Meneja wa Kanda, na kanda yenyewe ni yeye na dereva. Yupo kijana wa kompyuta wa benki ambaye barua yake ya ajira inamtaja kama afisa mwandamizi, simu yake haizimwi Jumapili hata Idi, na hajui kama kuna chama kinachoweza kumpokea. Watu wa aina yetu tuko katikati: kwa wenye hospitali sisi ni wafanyakazi, kwa wabeba mizigo sisi ni mabosi, na mahali pote pawili tunaambiwa hapa si penu.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara ni kwamba vyama vya wafanyakazi ni vya makuli na watu wa viwandani, wasomi wanajitetea wenyewe kwa vyeti vyao. Wanaosema hivyo hawaijui historia ya nchi hii. Mwaka 1922, miaka 25 kabla ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam, Martin Kayamba alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali pale Tanga. Kayamba alikuwa karani. Waliojiunga walikuwa watu wa kalamu. Rashidi Kawawa naye, kabla hajawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la TFL mwaka 1955, aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya kikoloni. Waliojua kusoma barua za mwajiri ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba mtu mmoja hawezi kuzijibu.

Wengine hunikumbusha kwamba tuna baraza letu la kitaaluma. Ni kweli, kama wahandisi na mafundi sanifu wao walivyo na bodi yao ya usajili. Baraza linanisajili, linatunza maadili, na nikikosea lina uwezo wa kuninyang'anya leseni. Ninaliunga mkono, kwa sababu mgonjwa anahitaji kulindwa dhidi ya mtaalamu mzembe. Lakini baraza haliulizi nimefanya kazi saa ngapi kabla ya kukosea. Hiyo si kazi yake. Ni kazi ya chama.

Niruhusuni nieleze usiku mmoja ili ieleweke kwa nini nang'ang'ania jambo hili.

Ilikuwa mwaka juzi. Niliingia saa 7 mchana, nilitakiwa kutoka saa 2 usiku. Aliyepaswa kunipokea alipiga simu kwamba anaumwa, nikaambiwa niendelee mpaka asubuhi. Saa 8 usiku wodi ya wazazi wakaleta sampuli mbio: mama amejifungua na damu haikati, wanataka chupa mbili haraka. Nikapima kundi, nikalinganisha damu, nikajaza fomu. Muuguzi amesimama mlangoni akinisubiri, na pembeni mashine ya kuhesabu chembe za damu inalia kwa sababu kuna sampuli nyingine ya mtoto imekwama ndani. Nikanyoosha mkono kumpa fomu, nikairudisha niisome tena. Nilikuwa nimeandika A. Kwenye kigae, mbele ya macho yangu, kundi lilikuwa O.

Anayejua habari ya damu anajua maana yake. Mtu wa kundi O akiwekewa damu ya kundi A anaweza kufa mikononi mwa watu waliotaka kumwokoa. Nilisahihisha, nikaanza upya, damu ikaenda, mama yule yuko hai na mwanawe. Nilikuwa katika saa ya 14 ya kazi. Sheria inasema saa 12 kwa siku ndiyo mwisho. Tangu siku ile siwezi kuandika herufi A kwenye fomu bila kuinua macho mara mbili.

Mheshimiwa Waziri, tulipokaa kuandika rasimu ya mkataba wa hali bora tuliotarajia kuupeleka mezani, kipengele cha kwanza hakikuwa mshahara. Kilikuwa hiki: kila zamu ya usiku maabara iwe na watu 2 wenye leseni, na mmoja akikosekana aitwe mwingine, si kumrefushia saa aliyepo. Cha pili kilikuwa fundi sanifu wa vifaa tiba apatikane usiku. Mshahara ulikuja wa nne. Hayo ndiyo tuliyozuiwa kuyasema kwa hesabu ya 8 kwa 16.

Kuna kitu kingine kinachotufunga midomo, nacho ni mkataba wa mwaka mmoja. Kifungu cha 14 cha sheria ileile kiliporuhusu mikataba ya muda maalumu kiliwataja wataalamu na kada ya uongozi. Nadhani aliyekiandika alimfikiria mhandisi anayeletwa kujenga daraja kwa miaka miwili kisha akahamia kazi nyingine. Kanuni za mwaka 2017 zikaongeza kwamba mkataba wa namna hiyo usipungue miezi 12. Waajiri wengi wamechukua kile kiwango cha chini wakakifanya ndicho kipimo. Mimi katika hospitali hii nimesaini mikataba 8, yote ya miezi 12, kwa kazi ileile, kwenye hadubini ileile. Kupima damu si kazi ya msimu. Malaria haiishi Desemba.

Mtu ambaye mkataba wake unaisha Juni haandiki malalamiko Aprili. Hilo mwajiri analijua kuliko mwandishi yeyote wa sheria. Aliyekuwa akikusanya fomu zetu za TUF 6 alikuwa mteknolojia wa mionzi, kijana makini, amehudumu miaka 5. Mkataba wake ulipofika mwisho hakuongezewa, na barua haikutaja sababu. Sheria inatambua kwamba kama mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa, kumnyima ni sawa na kumwachisha kazi. Lakini anatakiwa afungue shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Alizitumia siku hizo kutafuta kazi kwa sababu ana watoto, na alipokuja kuniuliza zilikuwa zimepita. Leo anauza vifaa vya umeme Kariakoo. Picha za kifua alizokuwa akizipiga yeye madaktari walikuwa wakizitambua bila kusoma jina.

Nifike sasa kwenye jambo linaloniumiza kichwa zaidi kisheria. Sheria imetaja huduma muhimu ambazo watumishi wake wamewekewa mipaka katika kugoma: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga. Tazameni orodha hiyo. Karibu yote ni kazi ya mafundi sanifu na wataalamu. Taifa linatuambia kwamba bila sisi watu wanakufa, na nakubali. Nilikuwa chuoni madaktari walipogoma mwaka 2012, nikiwa na shangazi yangu wodini, na sitamani nchi irudi pale. Sitaki kugoma. Niliyempima damu usiku ule simuachi.

Lakini sheria haikuishia kwenye kukataza. Inasema mgomo katika huduma muhimu unawezekana kama pande mbili zimekubaliana kwa maandishi huduma za kiwango cha chini zitakazoendelea wakati wote, na makubaliano hayo yakaidhinishwa na Kamati ya Huduma Muhimu. Ni mpango wa busara, kwa sababu unamlinda mgonjwa na unamfanya mwajiri asikilize mapema. Ila mwajiri halazimiki kujadili makubaliano hayo isipokuwa na chama kinachotambuliwa. Chama kinatambuliwa kikiwa na wingi. Na wingi unavunjwa kwa barua tatu za kupandishwa cheo. Mnyororo mzima unaanzia kwenye lile neno meneja, na ndiyo maana nimelikalia hivi.

Ndugu Kamishna, ninaloliomba kwako halihitaji Bunge. Toa mwongozo wa maandishi kwa waajiri na kwa maofisa kazi wa mikoa yote, ukieleza kwamba menejimenti ya juu ni yule anayetunga sera na mwenye mamlaka ya kusaini mkataba wa hali bora, na kwamba anayedai mtu fulani yumo humo athibitishe kwa majukumu, si kwa jina la cheo. Sema pia kwamba cheo kilichotolewa baada ya chama kupeleka taarifa ya kuomba kutambuliwa hakipunguzi hesabu ya wanachama mpaka ofisi yako ikikague. Mkaguzi akifika hospitalini asiishie kuomba mikataba na kuona imesainiwa. Aulize mtu huyu amesaini mingapi. Achukue daftari la zamu alilinganishe na hati ya mshahara. Daftari la zamu halidanganyi, kwa sababu tunaliandika sisi saa 10 alfajiri tukiwa hatuna nguvu ya kudanganya.

Kwako Mheshimiwa Waziri, ombi langu ni zito zaidi. Kifungu cha mikataba ya wataalamu kinahitaji kurudi mezani, wafanyakazi wenyewe wakiwepo. Kiwekwe kikomo cha mara ngapi mkataba wa mwaka unaweza kurudiwa kwa kazi isiyokoma kabla haujahesabiwa kuwa ajira ya kudumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa 98 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu majadiliano ya pamoja mwaka 1962, tukiwa na uhuru wa wiki chache tu, na Mkataba wa 87 kuhusu uhuru wa kujiunga mwaka 2000. Na kwa waajiri, wa hospitali, wa minara, wa benki, nasema kwa moyo mweupe: tulipokuwa 11 hatukuwa maadui zenu. Tulikuwa tunataka mashine zitengenezwe usiku.

Nina neno kwa viongozi wa vyama vyetu pia, kwa kuwa nao ni wakubwa. Mtaalamu wa sekta binafsi mnamkumbuka Mei Mosi, mnapogawa fulana na kofia. Mwaka mzima hatuoni mtu anayejua tofauti ya fundi sanifu na mteknolojia, wala anayeweza kukaa na mwajiri akazungumzia usalama wa sampuli. Mteknolojia yule wa mionzi alihitaji mtu mmoja wa kumwambia "zimebaki siku 12, twende Tume". Hakumpata. Wekeni maofisa wanaozijua kada zetu, nasi tutakuja. Ada tutailipa.

Barua ya kunitaka nijitoe sijaijibu. Kisheria mimi bado ni mwanachama, na wenzangu wawili waliopandishwa nami wamekubali kubaki. Tangu mwezi uliopita wasaidizi wawili wa maabara wamejaza fomu. Ukimtoa mteknolojia wa mionzi aliyeondoka, kwa hesabu yangu tuko 12 katika 18, na kwa hesabu ya mwajiri 9 katika 15. Kwa hesabu zote mbili tumepita nusu. Taarifa ya kuomba kutambuliwa tutaipeleka tena Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa 3 asubuhi, na nakala itagongwa mhuri wa mapokezi siku hiyohiyo. Siku 30 zitahesabiwa kuanzia hapo. Mkataba wangu wa nane unaisha wiki mbili baadaye. Naomba ofisi ya kazi ya mkoa iwe na tarehe zote mbili.

Wenu katika kazi,

Mteknolojia wa maabara,
Dar es Salaam